Rekodi Inasema Nilikuwepo

Alhamisi, Alief

Na hatimaye rekodi yangu ya udereva imefika kutoka ofisi ya jimbo, kamili, si ile ya miaka mitatu niliyoagiza kwanza kimakosa. Pasipo kuiona, kamati ya kanisa haitanikabidhi basi dogo la kuwaleta akina mama wazee kanisani kutoka mji jirani wa Sugar Land.

Ukurasa ulikuwa karibu mtupu, mweupe kama alfajiri ya ukungu. Katikati yake mstari mmoja: ajali. Siku ile nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu, nikagongwa kwa nyuma. Mstari hausemi hivyo. Nikaogopa kwamba kamati itaniona mzembe.

Mke wangu akausoma, akacheka. "Baba Neema, hotuba zote hizo unazotoa kanisani, na kusoma hujui! Wanasema ulikuwepo. Wamesema wapi kwamba ulikosea?"

Nikatafuta. Hakuna mahali. Rekodi hutaja ajali tu, haiamui kosa ni la nani.

Kesho nitasimama mbele ya kamati na maneno hayo ya mke wangu. Tayari nawasikia akina mama wakiimba kwenye viti vya nyuma, nami mbele, nikiingoja taa ya kijani, bila haraka yoyote...