Si Limbwata, Mama

Carrollton, Texas
Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limekupa nafuu tangu mvua zikatike hapo Tanga. Sisi huku hatujambo. Joto la Texas linatuonea, lakini mjukuu wako na wajina wako, Mwatime, ananawiri, mashavu yameumuka kama maandazi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ukishakasirika hunipi nafasi.

Najua binamu yangu Hudhaifa wa Houston amekufikishia habari. Alipita kwangu akienda harusini, akanikuta nakunja nguo, mtoto nimembeba mgongoni kwa kanga. Hata nyumbani kwake hajafika, ameshakupigia kukwambia kwamba nimefukuzwa kazi na Kidawa amenilisha limbwata. Tangu siku hiyo hupokei simu za mke wangu. Kila jioni anajaribu, na kila jioni namwona akiiweka simu chini. Hilo linaniuma, Mama, siwezi kukuficha.

Kwanza, kazi ninayo. Nilikwambia kampuni yetu ni ya watu wa Uswidi. Basi hao watu walinishangaza tangu wiki ya kwanza. Mkubwa wetu anaitwa Severin. Nilipomwita Bwana Severin aliona haya, akasema Severin inatosha. Kikombe chake anaosha mwenyewe. Kila siku, asubuhi na alasiri, kazi inasimama na wote tunakaa kunywa kahawa na vimkate vya mdalasini, bosi na mfagizi meza moja, na usipokwenda unaonekana una kiburi. Kipande cha mwisho hakuna anayethubutu kukichukua. Mmoja anakata nusu, mwingine nusu ya ile nusu, mpaka inabaki chembe tu sahanini. Siku moja nilikila mimi. Wakatazamana, nikajua nimeharibu. Nyumbani kwake viatu vinabaki mlangoni kama kwetu, nikafurahi. Ila alinialika saa kumi na mbili, nami kwa heshima zetu nikafika saa moja, nikawakuta wamekaa mezani wananisubiri, chakula kimepoa.

Kubwa zaidi ni hili. Kwao mtoto akizaliwa, baba naye anakaa nyumbani kulea, miezi kadhaa, na mshahara unaingia. Kampuni imeileta desturi hiyo mpaka huku Texas, ambako baba akipata wiki moja anashukuru. Kidawa alipojifungua, Severin aliniuliza nitaanza lini likizo yangu. Hakuuliza kama nitaichukua.

Niliona aibu, nikawa namzungusha. Kidawa naye hakutaka. Alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya uuguzi, akasema bora aache chuo alee, kwani mama mkwe atamwonaje. Ndiyo maneno yake, Mama. Sare zake za buluu akazikunja, akazisukumia chini kabisa kabatini.

Nilipoziona nikakumbuka za kwako. Sijawahi kukwambia. Nikiwa mdogo nilipekua sanduku lako, nikakuta sketi na blauzi zimekunjwa vizuri, zimetiwa karafuu katikati. Nilimuuliza Bibi, akanieleza kwamba ulikuwa chuo cha ualimu, ukaacha nilipozaliwa mimi, maana hapakuwa na wa kunishika. Baba alikuwepo, lakini hakuna aliyemwambia kwamba na yeye ana mgongo. Nimekua na jambo hilo moyoni. Basi nilizitoa sare za Kidawa, nikazipiga pasi, nikamkabidhi. Asubuhi yake nikamwambia Severin naanza Jumatatu.

Kwa hiyo sikulishwa kitu. Niliamua mwenyewe, tena najivunia. Najua kumwogesha, kumpigapiga mgongo mpaka abeue, na kanga naifunga vizuri kuliko mama yake. Hata huyo Hudhaifa, mkewe amejifungua, na wiki jana alinipigia kwa sauti ya chini nimwelekeze namna ya kufunga isilegee. Usimwambie kwamba nimekwambia.

Juzi Ijumaa Kidawa amehitimu. Jina lake lilipoitwa ukumbini, nilisimama na Mwatime mgongoni, nikapiga vigelegele mimi mwanamume, watu wote wakageuka. Vilikuwa vyako kuvipiga, na hukuwepo.

Wasalimie Bibi na majirani wote. Wajina wako anakusalimu kwa makelele, ananing'ang'ania kalamu. Jioni Kidawa atakupigia tena. Pokea, Mama. Hakumaliza chuo peke yake. Na zile nguo zako za sandukuni zimo katika kuhitimu kwake.

Nakuombea afya njema na umri mrefu,

Mwanao, mlezi wa Mwatime,
Abdulsalam