Kofia ya Koplo Ngonyani

Kambini, mtoni
4 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mie mzima, ila vumbi limenipa kikohozi. Hapo Keko mnaendeleaje, na mgongo wako? Simu huku hazishiki, barua hii nampa dereva wa lori la chakula.

Mazungumzo yameanza. Tunakutana katikati ya mto, kwenye kisiwa cha mchanga, sie na wanajeshi wa ng'ambo, bunduki zimeachwa kingoni. Asubuhi ukungu unafunika maji, unaona meza inaelea na watu wamekaa hewani. Mie ndiye mkalimani. Tangu walipompiga risasi kaka Venance akiwa doria kwenye ukungu kama huu, wakidhani ni jambazi, majeshi haya hayajawahi kusalimiana. Wakielewana, mpaka utafunguliwa na utaliona kaburi la kaka. Niombee.

Mwanao,
Noela

Keko
15 Machi

Noela mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unauma kama kawaida yake. Viti vinauzika, fundi Nikodemu anakusalimu.

Nimemwota Venance. Anafua shati mtoni, analikamua, maji hayaishi. Namwita, anaweka kidole mdomoni, kana kwamba kuna mtu amelala. Niliamka na harufu ya mto chumbani, na hapa Keko kuna harufu ya vanishi tu.

Waulize hao watu mwanangu wamemlaza wapi. Lakini ukinipenda, usicheke nao.

Mama yako

Kambini
27 Machi

Mama,

Shikamoo. Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Tumeharibikiwa. Mkuu wao, Meja Ismail, ni Myao. Juzi alisoma jina kifuani pangu, akanyanyuka, akanivua kofia na kuivaa yeye. Akasema kwa Kiswahili, "Mngoni wewe, umetekwa. Kofia huipati mpaka ukoo wenu uje kunipigia magoti."

Kanali wetu, mtu wa Ziwa asiyejua mila zetu, akasema jeshi limetukanwa. Vijana wakaanza kurudi kwenye bunduki. Wote wakanitazama mie. Nikakumbuka maneno yako, nikakaza uso. Kikao kikavunjika, kofia ikapotea naye ukunguni.

Utani wa Wayao na Wangoni naujua, mama. Lakini mtu ambaye askari wake walimuua kaka, bado ni mtani? Kanali anataka nimjibu kama lile ni tusi au utani, kabla hajayafunga mazungumzo moja kwa moja.

Mwanao,
Noela

Keko
5 Aprili

Noela mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma dukani, nikacheka peke yangu mpaka Nikodemu akaniletea maji. Kisha nikalia. Tangu msiba hakuna aliyethubutu kunitania. Wananishika kama kikombe chenye ufa.

Wangoni na Wayao walichinjana kabla hawajataniana. Waliona wakiendelea kulipizana hatabaki wa kuzika, ndipo wakakubaliana kutukanana. Hasira yangu bado ipo, sijaimaliza. Lakini msomee hili mbele ya wote:

"Rosalia Ngonyani wa Keko anasema kofia kaa nayo, uchotee maji, maana Myao hajawahi kuwa na kichwa cha kuivalia."

Mtazame usoni. Akinuna, si mtani, na wewe rudi nyumbani.

Mama yako

Kambini
22 Aprili

Mama,

Shikamoo. Niliyasoma maneno yako mezani, mbele ya wote, nikamtazama Meja usoni. Kisha Meja akacheka mpaka akashika meza, watu wake wakacheka, mwishowe Kanali naye. Halafu nikaona Meja analia, kofia yangu mkononi.

Yeye ndiye aliyemzika Venance. Alisoma jina kifuani pake akajua askari wake wamemuua mtani. Akafanya anavyopaswa mtani: akalala ndani ya kaburi, akagoma kutoka mpaka ndugu wa marehemu wamkomboe kwa zawadi. Ndugu hakuwepo. Akatoka mwenyewe. "Mpaka leo najiona nimelala mle," alisema. "Mwambie mama aje anitoe."

Mpaka unafunguliwa Jumamosi ya tarehe tatu Mei. Wamekubali pia mwili uhamishwe, ukitaka.

Mwanao,
Noela

Keko
28 Aprili

Kwa Meja Ismail, kwa mkono wa binti yangu

Myao wee, salamu sikupi, utazila. Nakuja Jumamosi. Nakuletea jogoo wa kukukomboa. Ni mzee, meno yako utayaacha humo.

Kuna siku nilikuombea kifo. Leo nakuomba usimfukue mwanangu. Hapa Keko angezikwa na majirani wema. Huko amezikwa na mtani. Nikifika nitalia sana, na wewe unicheke kwa sauti, maana nimechoka kuhurumiwa.

Mtani wako,
Rosalia