Njoo na Mwenzi Wako

Ijumaa, 14 Julai 2017
Mchungaji kakaza: bila cheti cha kupima ukimwi, ndoa ya Machibya na Flora haitangazwi kanisani. Sawa tu! Ng'ombe wameshafika kwa wakwe Nassa, gauni nalishona mwenyewe hapa dukani Bariadi. Flora kasema atapima huko huko kwao. Mdogo wangu Machibya kanywea kama kuku aliyenyeshewa. Kupima hajaenda, eti kazi zimembana jineri, kwenye kuchambua pamba. Juzi hakubanwa alipokwenda mpirani!

Jumapili, 16 Julai
Mungu wangu.
Nimembana hadi kasema. Ana virusi, mwaka wa pili sasa. Dawa alikuwa anachukua kwenye kile kituo cha vijana nyuma ya soko — kumbe ni cha wanaume kama yeye. Wanaopendana na wanaume! Machibya! Niliyembeba mgongoni!
Kituo kimefungwa. Polisi walikuja wakabeba wanasihi na maboksi ya kondomu, wakasema ni ushahidi. Kondomu, ushahidi! Dawa zake zimeisha na anaogopa kwenda kwingine. Nikauliza, na Flora je? Kasema alipokuwa anameza kila siku virusi vililala, hata mke asingemwambukiza. Sasa vinaamka. Nikamwambia amweleze Flora kabla ya ndoa.
"Dada, ataniuliza nimeupata kwa nani. Jibu lake ni jela miaka thelathini."
Nimelia. Kisha nimemtukana. Kisha nimemsongea ugali.

Jumanne, 18 Julai
Kaenda zahanati, karudi mikono mitupu. Nesi, mama wa heshima tunayemwita mayu, hakumfokea hata kidogo. Kamwambia tu utaratibu wao: njoo na mwenzi wako, naye apimwe, ndipo tukuanzishie. Amlete nani? Mwenzie alitoroka siku ile ya polisi. Naye yuko huko aliko, hajapima, hana dawa, na hakuna wa kumfuata. Sheria gani hii, inawafukuza wagonjwa vichakani halafu zahanati inauliza wako wapi?
Basi, mjinga mimi, nimesema nitakwenda nijifanye mke. Machibya kacheka, mara ya kwanza wiki hii. Tumepatana: akipewa dawa, jioni hiyo hiyo Flora anaambiwa. Asipomwambia yeye, namwambia mimi.

Alhamisi, 20 Julai. Benchi la zahanati
Nesi kaita mke wa Machibya, nikaitika. Kanitoboa kidole, tukaambiwa tungoje hapa nje. Nikaona tumeshapona.
Mara — Flora! Kaja toka Nassa kujaribu gauni, kakuta duka limefungwa, jirani kamwelekeza huku. Kapiga goti, anatabasamu.
"Mwangaluka, wifi!"
Kwa sauti yake ile ya kwaya. Na nesi kasimama mlangoni.
Nesi kanitazama mimi, kamtazama Flora. Kisha kauliza taratibu: "Machibya, mwenzi wako ni yupi hapa?"
Nilimwombea adanganye. Kweli, niliomba hivyo.
"Hayupo hapa, mayu. Na siwezi kumleta."
Nesi kamwingiza ndani, kafunga mlango. Sijui anampa dawa au anawapigia polisi simu.
Flora kakaa ubavuni kwangu. Kauliza, kwa upole kabisa, huyo asiyeweza kuletwa ni nani. Nimemwambia angoje nimalize kuandika.
Bado naandika.