Nyuki Walioshikana Mlangoni

Mjukuu wangu Tatu,

Nina miaka themanini na tatu, na waganga watatu walionikatia tamaa nimewazika mimi. Bibi yako hajambo, anakusalimu.

Unasema kule maabara ulizipasha seli joto, protini zikashikana mabonge ndani ya viini vyake, sasa unataka kuzitupa. Ngoja kwanza.

Ujanani hakuna mrina asali aliyenifikia. Siku moja ya jua kali nikakuta nyuki wangu wameshikana bonge mlangoni mwa mzinga. Nikadhani wanahama, nikawafukiza moshi, wakahama kweli.

Kasanda, tuliyekuwa tukirina naye, akanicheka: “We bwana, walitoka kupunga joto. Jua likipoa wangerudi wenyewe.”

Zipoze seli zako, kisha chungulia tena.

Ukibisha, muulize Kasanda, yuko Itetemia. Nyuki wale waliingia mzinga wake.

Babu yako