Ndizi mbichi za Prosper pale maji moto

Doreen, leo nimelipiza! 😂

Yule Prosper muongoza watalii, aliyekuja juzi kutoka Mbeya mjini, kaninyang'anya wageni wangu pale maji moto. Kawaambia mbele yangu, "Huyu muuza ndizi tu, hajui kitu." Muuza ndizi tu!

Nikapanda zangu juu na ndizi zangu. Yeye akatumbukiza ndizi za kuwapikia kwenye vidimbwi vya chini, kwenye zile ngazi nyeupe za chokaa. Mvuke upo, lakini maji yakifika pale yameshapoa. Sisi tunapikia juu, yanakotokea. Nilimwangalia saa nzima!

Wageni kung'ata, mbichi 🤣 Mimi nikaopoa zangu kule juu, wakazigombania.

Eti ananinong'oneza, "Dada Atu, kwani unapikia wapi?"

Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie: "Kaka, mimi muuza ndizi tu."