Misumari Mitatu ya Bati

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu bati la paa la chumba cha kusubiria abiria likuondoe kwetu, pale kwenye uwanja mdogo wa helikopta ulioutumikia miaka kumi na tisa. Wanasema muda huponya. Sisi bado tuna hasira, na hatuombi radhi.

Kila asubuhi, kabla helikopta ya kwanza haijatua, uliinama ukiokota kokoto, vizibo na vipande vya waya, maana upepo wake hurusha chochote. Ulivitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Marubani walikuita Kuku kwa kudonoadonoa kwako, nawe ukacheka. Kazi uliileta mpaka nyumbani: mjukuu wako alijifunza kutembea kwa kufuata ishara zako za mikono. Ulipopishanisha mikono juu ya kichwa, alisimama papo hapo.

Wiki ile ya mwisho uliokota misumari mitatu ya bati, imeliwa na chumvi ya bahari. Ukajua paa linaachia. Ukaipeleka kwa meneja wa uwanja.

"Mzee, siku hizi unafuga misumari?" akakuuliza mbele ya watu. "Nenda nayo nyumbani. Paa tutaliangalia mwezi ujao."

Ulirudi nayo, ukamwambia Mama, "Wamenicheka. Ila bati lile halina utani."

Siku ya nne bati liling'oka helikopta ikitua. Ulimsukuma abiria mmoja akapona. Wewe hukuwahi.

Paa lilipigiliwa misumari mipya kabla hatujakuzika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, lakini hapa waliopuuza ufa ni wengine na wanaojenga ukuta ni sisi. Kisha meneja akaja na karatasi: ulikufa kwa uzembe wako, hukutoa taarifa yoyote.

"Saini tu, mama, yaishe."

Mama alileta kopo lako, akaweka misumari mitatu juu ya karatasi yake. "Taarifa yake hii hapa."

Hatukusaini. Jina lako ndilo ulilotuachia, na hatulitoi.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, dada yako anayekulilia hadi leo, na mjukuu wako. Mwezi uliopita meneja alirudi na karatasi ileile. Mjukuu wako alimwahi mlangoni, akapishanisha mikono juu ya kichwa.

Meneja alisimama, Baba. Siku zetu zote tutakukumbuka.