Kisu cha Yaya

Kindu, Pasaka, usiku

Yaya amekula kwangu! Naandika tena ili niamini: yaya Ramazani, ndugu yangu mukubwa, amekula kwangu.

Tangu nilipobatizwa alikuwa anafika, anasalimia, anakunywa maji, anaaga. Yeye Mwislamu, nyama ya Wakristo hagusi. Leo tulimubatiza mutoto wangu wa kwanza, na sikuthubutu hata kumwalika.

Asubuhi, mbele ya misa, nilikuwa nyuma ya nyumba, nimeshika kamba ya mbuzi. Nikamuona yaya anakuja toka upande wa gare ya treni, kisu kimefungwa ndani ya kitambaa.

"Wee, ngoja! Ukichinja weye, mimi nitakula nini?"

Nikamupa kamba palepale. Padri alishatukataza mbele ya watu wote: Mukristo asichinjiwe na Mwislamu. Nilijua, na bado nilimupa.

Saa ya kula Padri akafika kubariki chakula. Akaangalia yaya, akaangalia nyama.

"Nani amechinja?"

Muke wangu anaangalia chini. Yaya akajibu, mukono ndani ya wali:

"Njo mimi nimechinja, Padri. Mutoto ni wetu."

Padri akabariki mbiombio, hakuonja, akaenda.

Jumapili pengine atanisema kanisani. Pengine ataninyima komunyo. Naogopa, nisijidanganye.

Lakini aseme tu! Yaya alipangusa sahani na kidole, kisha akamugeukia muke wangu:

"Shemeji, iko muchuzi ingine?"